Miaka ya Jalada Huanza Kuhesabiwa Lini

Severini, ndugu yangu,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuhesabu umri wa jalada la ukaguzi kuanzia tarehe iliyoandikwa usoni mwake. Wanasoma mwaka lilipofunguliwa, wanahesabu kwa vidole, na miaka ya mwongozo wa kutunza nyaraka ikitimia wanasema limezeeka, lichomwe. Wewe hukulifanya kosa hilo hata mara moja. Ndiyo maana nimekukasirikia.

Najua nimeanza vibaya. Anayemwandikia marehemu humwombea raha ya milele kwanza, nami nimekuombea, Jumapili iliyopita tu, kwenye Misa ya asubuhi. Lakini mimi na wewe tulifanya kazi korido moja miaka mingi mno kwa mimi kuanza kukuficha mambo leo. Nitasema lililo moyoni, kisha utanisamehe, maana huko uliko bila shaka una nafasi ya kusamehe kuliko sisi.

Nyumbani wako salama. Goti la Mama Skola linamsumbua kipindi hiki cha baridi, lakini ulezi ameuvuna mwenyewe. Anasema wanaomtaka apumzike wamletee kwanza mtu anayejua kukata ulezi bila kumwaga nusu chini. Msalaba wa saruji tuliokuahidi umewekwa. Nilimwambia fundi aandike jina na tarehe basi, kwa sababu hukupenda maneno mengi usoni mwa kitu. Na binti yako Skola, ambaye ulipoondoka alikuwa bado anasubiri barua ya ajira, sasa yuko masijala. Masijala yetu ile ile. Wamempa meza yako ya dirishani.

Barua hii haitasomwa na wewe peke yako, kwa hiyo nivumilie nieleze mambo ambayo wewe unayajua. Mimi nilikuwa mkaguzi wa ndani, wewe ulikuwa mtunza kumbukumbu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Kazi yako ilikuwa kukumbuka nani aliulizwa nini na kama alijibu. Hoja ya ukaguzi ni swali tu: vitu vilipokelewa, mbona havionekani? Kazi ilipangwa, mbona haijafanyika? Anayeulizwa analeta majibu na vielelezo, mkaguzi anaridhika au haridhiki. Akiridhika, inaandikwa barua ya kufunga hoja. Mpaka barua hiyo iandikwe, swali liko hai, na karatasi zake ziko hai pamoja nalo, hata kama zimegeuka rangi ya tumbaku.

Wewe uliliona hilo kabla yetu sote. Hoja ilipofunguliwa ulipitisha utepe mwekundu kwenye tundu la jalada na kuufunga mafundo mawili. Hoja ilipofungwa uliukata utepe kwa wembe, ukaweka kamba ya katani mahali pake, na barua ya kufungia ukaiweka juu kabisa. Tarehe ya barua hiyo ndiyo ulianzia kuhesabu miaka. Jalada lililofunguliwa zamani sana lingeweza kwako kuwa changa, na la juzi juzi likawa limeanza kuzeeka. Tepe za kwanza ulizichana kutoka kwenye khanga ya Mama Skola, naye alikununia wiki nzima. "Serikali haina kitambaa mpaka ichane changu?" Ulikuja kazini unacheka, ukaniambia umelala njaa kwa ajili ya taifa.

Lakini nilikwambia mara ngapi uuandike utaratibu huo? Ukurasa mmoja tu, ubandikwe nyuma ya mlango. Kila mara ulinijibu jibu moja: "Mzee Gaude, mwenye macho anaona."

Severini, waliokuja baada yako wana macho. Walichokiona ni matambara.

Mwaka jana lilikuja agizo kwamba masijala zote zipangwe upya, majalada yatoke kwenye mashelfu ya mbao yaingie kwenye maboksi, kila boksi na mwaka wake. Agizo zuri. Panya wale nilikwambia watatuaibisha. Skola na wenzake wawili walifanya kazi hiyo wiki tatu, vumbi mpaka kwenye kope. Vifuniko vya maboksi havikufunga vizuri kwa sababu ya tepe na kamba zilizochomoza pembeni, kwa hiyo walizikata. Nyekundu na katani, zote, wakazijaza kwenye ndoo. Mwanao ndiye aliyeshika mkasi. Hakukosea kwa uvivu. Alikosea kwa bidii, na sijui kosa gani gumu kulikemea kuliko hilo.

Baada ya hapo likatoka zoezi la kuteketeza majalada yaliyokwisha muda. Na hapa nataka uelewe kwamba kila kitu kilifuata sheria. Orodha iliandaliwa: namba ya jalada, jina, mwaka wa kufunguliwa. Orodha ikapanda kwa wenye mamlaka ya kuruhusu, ikarudi na sahihi na muhuri. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeficha. Ila hakuna aliyeuliza kama hoja zilikwisha kufungwa, kwa sababu orodha haikuwa na safu ya jambo hilo, na mtu akipewa fomu huulizwa na fomu, haiulizi. Majalada yakachomwa kwenye shimo nyuma ya gereji. Kati yao lilikuwa jalada la mabati ya shule ya Mwalimu Leokadia.

Unaikumbuka safari ile? Tuliteremka na Landrova ya halmashauri kuelekea bonde la Rukwa, umevaa sweta mbili za Sumbawanga, na kabla hatujafika Mtowisa umebaki na singlendi unaapa kwamba Mungu hakuumba joto lile kwa ajili ya Wafipa. Hukupaswa kuwa kwenye safari za ukaguzi, lakini karani wangu aliugua malaria, nawe ukasema unataka kuona nchi ambayo majalada yake unayabeba kila siku. Kijiji chenyewe kilikuwa mbele ya Mtowisa, mashamba ya mpunga upande mmoja na ng'ombe wa Wasukuma upande wa pili.

Hoja ilikuwa hii. Shule ilipokea mabati ya kuezekea madarasa mawili. Darasa moja lilikuwa limeezekwa, la pili lilikuwa kuta tupu, na mabati arobaini na mawili hayaonekani. Aliyesaini kuyapokea ni mwalimu mkuu, Leokadia. Nilimuuliza, naye hakujitetea hata kidogo. Alisema, "Twende nikuonyeshe yalipo," akatuvusha barabara mpaka zahanati. Upepo wa mvua za kwanza ulikuwa umeng'oa paa la chumba cha kujifungulia. Wanakijiji walikaa kikao, wakaamua mabati ya darasa la pili yahamie pale, watoto wasome chini ya turubai mpaka mengine yapatikane. Tuliyahesabu kutoka chini, wewe ukapanda ngazi ukayahesabu tena ukiwa juu, ukashuka umeunguza viganja. Arobaini na mawili.

Muhtasari wa kikao kile ulikuwa kurasa tatu, na nyuma yake alama za dole gumba za wanakijiji, zaidi ya sabini, kwa wino wa bluu. Nilisema pale pale kwamba Leokadia hakukosea kwa moyo. Alikosea kwa utaratibu: mali ya mradi mmoja haihamii mradi mwingine bila kibali cha halmashauri. Dawa yake ilikuwa rahisi. Kikao cha halmashauri kiridhie walichofanya wanakijiji, hoja ifungwe. Nikaandika hivyo. Muhtasari halisi, ule wenye dole gumba, ukaja nasi ukaingia kwenye jalada. Kijijini ikabaki nakala. Ukafunga utepe mwekundu.

Kikao cha halmashauri hakikuridhia wala hakikukataa. Ajenda ilikuwa ndefu. Ikasogezwa kikao kilichofuata, na kilichofuata, kisha madiwani wakabadilika, mkurugenzi akahamishwa, na kila mwaka kwenye taarifa ikaandikwa sentensi ile ile: suala linafanyiwa kazi. Nilistaafu likifanyiwa kazi. Ulikufa likifanyiwa kazi. Hakuna mtu aliyelifanyia kazi yoyote, ndugu yangu, tulikuwa tunanakili sentensi.

Mwaka huu Leokadia anafikia umri wa kustaafu. Wakaguzi wapya, vijana makini kabisa, walipitia hoja zote zilizobaki wazi wakakuta ile ya mabati. Wakaomba vielelezo masijala. Skola akalitafuta jalada kwenye boksi la mwaka ule na kukuta halipo. Akatafuta kwenye orodha ya yaliyoteketezwa, na jalada likawepo pale, namba yake, jina lake, na alama ya vema pembeni. Leokadia akaandikiwa barua ya kujieleza mbele ya kamati ya nidhamu: eleza mabati arobaini na mawili ya serikali yalikwenda wapi.

Alikuja kwangu na barua hiyo kwenye mkoba. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Mzee Gaudensi, ulinihesabia mwenyewe. Waambie."

Nilikwenda kuwaambia. Walinikaribisha vizuri, shikamoo mzee, karibu kiti, chai. Nikaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, nikaeleza hadi rangi ya ngazi uliyopanda. Kijana mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa adabu, "Mzee wetu, tunakuamini. Lakini hoja haifungwi kwa kuaminiana." Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana sentensi hiyo ni yangu. Niliwafundisha vijana wengi sentensi hiyo.

Basi nikateremka tena bondeni, safari hii kwa basi, na magoti yangu haya ya uzee. Nilifikiri nitapata moja kati ya mambo mawili: nakala ya muhtasari, au mabati yenyewe. Mtendaji wa kijiji alinifungulia sanduku la nyaraka. Nakala ilikuwepo, Severini. Ilikuwepo kwa umbo. Nilipoinyanyua ilimwagika kama unga. Watu wakija kwetu kutoka Dar wanaogopa radi ya Sumbawanga. Laiti wangeogopa mchwa.

Nikaenda zahanati. Paa jipya, la rangi nyekundu, zuri kabisa. Limewekwa mwaka juzi. Mabati ya zamani yaligawanywa kwa wanakijiji kwa haki, moja hapa, mawili pale. Nililiona moja kwenye banda la ndama, jingine mlango wa choo. Alama ya rangi waliyopiga dukani ilikwisha kubanduka. Sasa utahesabu nini?

Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule, Mzee Masanja, bado yupo, na ng'ombe wake bado wengi kuliko anavyokiri. Nikamweleza shida. Alichokonoa udongo kwa fimbo, kisha akasema, "Nyie Wafipa mna mambo. Mlikuja mkasema mkono wa mtu haufai, weka dole kwenye karatasi. Tukaweka. Mkaichukua karatasi. Mkaichoma. Sasa mmerudi mnataka mkono." Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu ningefanya nini. Lakini nilirudi nayo kifuani maneno hayo, na mpaka leo yamekaa hapo kama mwiba wa samaki. Mkulima wa mpunga kule bondeni amekutana na serikali kwa maandishi mara chache maishani mwake. Moja ya mara hizo tulimwambia kidole chake kina thamani, tukakitunza kwa kuhesabu tarehe isiyo yake.

Masanja alikuja mbele ya kamati hata hivyo. Alikuja na wazee wawili na mama mmoja, nauli wakachangishana wenyewe. Wazee walisema kikao kilikaa na waliamua. Wakaulizwa tarehe, hawakuijua. Walijua ilikuwa baada ya upepo na kabla ya kupandikiza mpunga. Mama yule alipopewa nafasi alimshika mkono binti yake aliyekuja naye, binti wa sekondari mwenye sare yake, akamsogeza mbele ya meza. "Huyu alizaliwa chini ya mabati hayo mvua ikinyesha. Hakulowa. Huyu ndiye kielelezo changu." Katibu wa kamati aliinua kalamu, akaishusha. Hakujua aandike kwenye safu gani. Ningekuwa bado kazini, hata mimi nisingejua.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki. Kamati haikuona wizi, na imesema hivyo kwa maandishi, nashukuru. Lakini kufunga hoja si kazi ya kamati, na wakaguzi hawawezi kuifunga bila vielelezo. Kwa hiyo Leokadia anastaafu bila adhabu na bila kusafishwa. Kila taarifa itakayoandikwa baada ya hapa itakuwa na mstari unaosema mabati arobaini na mawili hayaonekani, na pembeni ya mstari huo cheo chake. Nilipompelekea habari alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa la saba. Hakuacha kusahihisha. Alisema, "Miaka yote nawaambia watoto hawa, jibu bila njia ni sifuri. Leo mimi ndiye jibu bila njia." Akapiga vema, akafunua ukurasa mwingine.

Nilikaa pale kwenye benchi mpaka alipofunga daftari la mwisho.

Skola ndiye aliyenivunja zaidi. Alikuja nyumbani baada ya uamuzi, akaniamkia, akakaa chini kwenye mkeka kama alivyokaa akiwa mdogo. Hapo ndipo nilipomweleza kuhusu tepe. Nilidhani anajua maana yake na alizikata kwa amri ya wakubwa. Hakujua. Aliziona tepe zile tangu utotoni, anasema alikuwa akikukuta nyumbani ukizichana, akidhani ni vitambaa vya kufungia tu. Akaniuliza, "Sasa Babu, kwa nini baba hakuniambia?"

Severini, kwa nini hukumwambia? Mtoto alikuwa ndani ya nyumba yako. Ulimfundisha kupika uji wa ulezi usiwe na mabonge, ulimfundisha sala zote na kuandika barua ya maombi. Kitu kimoja ulichokuwa nacho ambacho hakuna mwingine nchini alikuwa nacho, ukaondoka nacho. Nilikuwa nimejiandaa kukukasirikia hivyo kwa kurasa nyingine mbili.

Lakini kuna jambo sijalisema, na si haki nikulaumu bila kulisema. Siku Skola alipomaliza kupanga masijala aliniita. "Shikamoo Babu, njoo uone masijala ya baba inavyong'aa." Nilikwenda. Nilisifia maboksi, nilisifia lebo zilizopigwa chapa, nikasema baba yako angefurahi. Ndoo ilikuwa pale pale kando ya mlango, imejaa wekundu mpaka juu. Niliiona. Nakumbuka hata niliisogeza kwa mguu nipate kupita. Mtu pekee aliye hai aliyejua maana ya tepe zile alisimama kando ya ndoo yake akazungumzia lebo. Orodha ya kuteketeza ilikuwa bado haijaandikwa. Ningesema neno moja siku ile, jalada lingekuwepo.

Kwa hiyo hasira yangu tuigawane, nusu yako na nusu yangu, na Skola asipewe hata punje.

Sasa nieleze ninavyoona, maana hukuniachia urithi mwingine ila tabia ya kutaka mambo yaeleweke. Watu wanabishana majalada ya ukaguzi yatunzwe miaka mingapi. Wengine wanasema michache, vyumba vimejaa. Wengine wanasema yasichomwe kamwe, na hao hawajawahi kulala chumba kimoja na panya. Idadi ya miaka si ugomvi wangu. Iwe saba, iwe kumi, mwongozo upo, ufuatwe. Ugomvi wangu ni mahali pa kuanzia. Mkulima wa Ufipa akifukia nyasi kwenye intumba, yale matuta yetu ya duara, haulizi alizifukia mwezi gani. Anaingiza mkono anaona kama zimeoza. Zikiwa bado ngumu, hapandi, hata kama jirani amepanda. Jalada nalo ni hivyo. Hoja ikiwa haijafungwa, jalada halina umri. Hesabu inaanza siku ya barua ya kufunga, na siku aliyetajwa ndani yake amepewa nakala ya barua hiyo mkononi. Kabla ya hapo hata liwe na miaka mia ni la jana.

Na nyongeza moja, ambayo hata wewe hukuifanya. Karatasi yenye alama za dole gumba za watu si ya ofisi peke yake. Ikifika siku ya kuchomwa kihalali, waulizwe kwanza wenye vidole kama wanaitaka. Watapiga hesabu zao wenyewe kama bado ina kazi.

Naandika haya kwa sababu kuna awamu ya pili. Skola ameniambia. Orodha imekwisha kupigwa chapa, safu tatu zile zile, na Ijumaa inapelekwa kuombewa kibali. Mimi ni mstaafu, sina ruhusa ya kugusa jalada, na sitaki niruhusiwe kwa mlango wa nyuma. Lakini nina kichwa, na kichwa hiki ndicho kilichoandika nyingi ya hoja zile. Nimekwisha kuomba kwa barua, na mkurugenzi amekubali nikae kwenye chumba cha mikutano asubuhi tatu mfululizo, nisomewe orodha, niseme ninayokumbuka kwamba hayakufungwa. Skola atafungua boksi na kuthibitisha kama barua ya kufunga ipo. Isipokuwepo, jalada linatoka kwenye orodha. Nimempa pia ule ukurasa mmoja niliokuomba miaka yote, nimeuandika mwenyewe kwa herufi kubwa, utabandikwa nyuma ya mlango na jina lako chini, kwa sababu utaratibu ni wako. Utanikasirikia kwa maneno mengi. Vumilia.

Kuhusu Leokadia, naahidi hivi. Taarifa yangu ya safari ile ilikuwa na nakala zilizokwenda ofisi zaidi ya moja, na mahali fulani kuna ofisa mvivu ambaye hajasafisha shelfu lake. Nitaandika barua kwa kila ofisi iliyotajwa kwenye orodha ya mgawanyo wa nakala, moja moja, na nitasubiri majibu kwa subira ile ile niliyowatesa nayo wengine. Nikipata kurasa hizo, nitazipeleka mwenyewe. Nisipozipata, nitakuwa nimemtafutia mpaka mwisho, naye atajua. Ndicho kilichobaki mikononi mwangu.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Nimekusema vya kutosha. Mchana huu baridi imekaza na jua ni la kutazamwa tu, hali uliyoipenda. Mungu akuangazie, na akupe mahali pasipo na korido.

Gaudensi.

Skola, najua umeisoma barua hii kabla ya kumsomea baba yako pale kaburini, na umefanya vizuri. Leo, kabla hujafunga ofisi, chukua kalamu ya wino na uandike usoni mwa kila jalada lililo kwenye orodha ile tarehe hoja ilipofungwa. Usipoiona barua ya kufunga, andika HAIJAFUNGWA.